Mvua Ikizuiwa Wete, Itanyesha Wapi?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Skuli, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofika licha ya matope ya njiani, na nyinyi wanafunzi mlioketi chini kwenye mikeka kwa sababu viti tumevikalia sisi wakubwa.

Nimetakiwa nizungumze juu ya usomaji wa vitabu. Mada hii kwa kawaida huzungumzwa kwa kulalamika: kwamba watoto wa siku hizi hawasomi, kwamba simu zimewamaliza, kwamba sisi zamani tulikuwa tunasoma. Mimi leo nimekuja na kisa cha upande wa pili, kisa cha mwanafunzi aliyekuwa anasoma sana na mwalimu aliyemwadhibu kwa sababu hiyo. Mwalimu huyo ndiye mimi. Mwanafunzi mwenyewe yumo humu ukumbini. Yeye na mama yake wameniruhusu nieleze yaliyotokea bila ya kumtaja jina, na mtaona baadaye kwamba suala la jina limekuwa na uzito wake kati yetu.

Ulikuwa msimu wa karafuu, ambapo kila mwalimu wa Pemba anajua kwamba nusu ya darasa huja skuli na vidole vilivyopiga weusi na macho mekundu, kwa kuwa usiku wote umekwenda katika kuchambua karafuu na makonyo. Nilikuwa nasomesha Kidato cha Tatu, na somo lilikuwa uambishaji, somo ambalo, nakiri, hata mimi mwenyewe hunipa usingizi. Watoto kadhaa walikuwa wamelala waziwazi. Mmoja hakulala; alikuwa amekiinamia kitabu kilichovishwa karatasi ya kaki, na juu ya karatasi ile pameandikwa kwa wino wa buluu “Biolojia”. Nikamwendea kwa nyuma. Biolojia ile haikuwa na picha ya moyo wala ya jani. Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na ramani ya visiwa, vingi mno, vimetapakaa baharini kama mtama uliomwagika. Nilimnyang'anya kitabu, nikamsimamisha mpaka kipindi kikamalizika, na kitabu nikakitia katika mtoto wa meza yangu. Waliolala sikuwafanya kitu.

Siku ya tatu mama yake alikuja skuli. Nilidhani amekuja kukidai kitabu, nikajitayarishia maneno. Kumbe alikuja kunishukuru. “Maalim,” aliniambia, “Mungu akuweke. Kitabu kile ni cha wachawi, na mwenyewe kanambia kwa kinywa chake kwamba ndani yake mna skuli ya kusomea uchawi. Nilikuwa sijui nimfanye nini.” Shukurani ile ilinitahayarisha kuliko lawama yoyote, kwa sababu mama wa watu alinichukulia kuwa ni mtu aliyekipima kitabu akakiona na kasoro, ilhali nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja. Usiku ule nilikipeleka nyumbani, nikakianza baada ya sala ya Isha, na adhana ya Alfajiri ikanikuta zimenibakia kurasa chache.

Ilikuwa ni A Wizard of Earthsea, riwaya ya Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018. Ni ya kwanza katika mfululizo wa riwaya zake za visiwa vya Earthsea, na ilitoka mwaka 1968. Mchapishaji mmoja alikuwa amemwomba aandike kitabu cha vijana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, naye akajiuliza: hawa wazee wa miujiza wenye ndevu nyeupe tunaowasoma katika hadithi, walipokuwa na umri wa miaka kumi na tano walikuwaje, na elimu yao waliisomea wapi? Jawabu la swali hilo ndilo lililokuwa riwaya. Kitabu kama hiki huitwa riwaya ya fantasia, yaani hadithi ambayo dunia yake ina kanuni zisizokuwa za dunia yetu, isipokuwa kanuni hizo, zikishawekwa, mwandishi mzuri hazivunji tena hata zikimbana.

Shujaa wake, Ged, ni mtoto wa mfua shaba katika kisiwa cha milima, aliyefiwa na mama, akachunga mbuzi. Ana kipaji, na ana kiburi. Anapelekwa kusoma katika kisiwa kingine, na huko, kwa kushindana na mwenzake aliyekuwa akimdharau, anajaribu kumwita mtu aliyekwishakufa. Katika ufa alioufungua kwa ujeuri wake kinatoka kitu cheusi kisichokuwa na jina. Mkuu wa skuli anapoteza maisha kwa kuuziba ufa ule. Ged anabakia na makovu usoni, na kitu kile kinamwinda kisiwa baada ya kisiwa, mpaka siku anapogeuka yeye na kuanza kukiwinda. Niongeze pia, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza alilonambia mwanafunzi wangu tulipokaa kuzungumza, kwamba Ged ni mtu wa rangi ya shaba, rafiki yake wa kweli ni mweusi, na watu weupe katika hadithi ile ndio wavamizi wanaotoka mashariki. Mwandishi alilalamika kwa miaka mingi kwamba wachoraji wa majalada wakimgeuza Ged kuwa mzungu.

Nilimwita mwanafunzi, nikamrejeshea kitabu, nikamtaka radhi, kisha nikamwomba anioneshe daftari ambalo wenzake waliniambia huliandika kila anaposoma. Alisita, kisha akalileta. Sikuwahi kuona daftari kama lile katika miaka yangu yote ya kusomesha. Kila ukurasa aliupiga mstari katikati. Kushoto ameandika maneno ya Kiingereza asiyoyajua, kulia Kiswahili alichokikisia, na makisio yale ameyafuta na kuyaandika tena mara mbili, mara tatu, kila hadithi ilivyomfunulia zaidi. Kwa kile kitu cheusi kinachomwinda Ged aliandika maneno manne, moja chini ya jingine: pepo, jini, mzuka, kivuli. Matatu ya juu ameyakata. Nikamuuliza kwa nini amelikata jini, maana hata mimi ndilo ningelilichagua. Akafikiri kidogo, akanijibu: “Jini ana kwao, Maalim. Hiki hakina kwao isipokuwa yeye mwenyewe.”

Walimu wenzangu wa fasihi, nadhani mmenielewa. Mwisho wa riwaya ile, Ged anakikabili kile kivuli katika bahari ya mbali na anakiita kwa jina lake mwenyewe. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, katika lugha isiyokuwa yake, aliufikia mwisho ule kwa kukata maneno matatu katika daftari, kabla hajaufikia kwa kusoma.

Neno jingine lililompa tabu ndilo lile lililomtia hofu mama yake. Aliandika kwanza “mchawi”, akalikata. Akaandika “mganga”, akalikata. Mwisho akaandika “fundi”, na mbele yake akatia alama ya kuuliza. Naomba tukae kidogo hapa. Mchawi kwetu ni mtu anayedhuru kwa siri, usiku, kwa husuda. Hakuna mtoto wa Pemba anayelisikia neno hilo akafikiria elimu. Neno la Kiingereza lililomo kitabuni, “wizard”, halina mzigo huo wote. Linamtaja mjuzi, na ujuzi wake unaweza kuwa mwema au mbaya. Katika kisiwa kile wanafunzi hukaa katika mnara wakikariri majina ya vitu, jina la kila ghuba na kila jani, kwa kuwa anayelijua jina la kweli la kitu ndiye anayekiweza, na kwa hiyo mtu halitoi jina lake la kweli ila kwa anayemwamini. Binti yule hakuona ugeni katika hilo. Bibi yake, alinambia, hapendi nyoka atajwe usiku, humwita kamba. Na sote tunajua kwamba anayekwenda kuangaliziwa nyota huulizwa jina lake na la mama yake kabla ya jambo jingine lolote. Kwa hivyo aliposema nyumbani kwamba anasoma habari za “skuli ya uchawi”, neno lilikuwa ni la haraka tu, na alikuwa tayari amelikata katika daftari. Mama alilisikia lililokatwa.

Sasa nije kwenye mvua, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza mimi.

Mwalimu wa kwanza wa Ged ni mzee mkimya, na ana uwezo wa kuzuia mvua. Siku moja wanasafiri kwa miguu milimani, mvua inawashukia, na yule mzee hafanyi kitu. Anatafuta mti mkubwa, analala chini yake. Kijana analala akiwa ameroa, na anashangaa: uwezo una faida gani ikiwa mwenyewe anakubali kuroa? Jawabu linakuja baadaye, skuli, pale mwalimu mwingine anapowaeleza wanafunzi kwamba mvua inayoletwa Roke, kisiwa chao cha skuli, huenda ikawa ndiyo ukame wa Osskil, kisiwa cha mbali ambacho hao wanaoomba mvua hawakifikirii.

Binti yetu aliisoma sehemu ile nyuma ya nyumba yao, hapa Wete, akilinda karafuu. Karafuu zilikuwa kwenye jamvi siku ya tatu juani, zimeanza kupiga wekundu wa kunde, na kazi yake ilikuwa ni kufukuza kuku na kuangalia mawingu. Wingu likatoka baharini. Mliopo hapa hamhitaji kuelezwa yanayofuata: kelele, watoto kukimbia, jamvi kukunjwa pembe nne, wengine kuokota zilizomwagika mchangani, na baba kusimama barazani akihesabu kwa macho bei itakavyoshuka ikiwa zimeroa. Baada ya yote yale alirudi kwenye kitabu na kuandika katika daftari, kwa Kiswahili, mistari hii ambayo nimeinakili kama ilivyo: “Ningelikuwa mimi ningeliizuia. Lakini ingelikwenda Mtambwe kwa mama mdogo, naye ana karafuu zake juani. Labda yule mzee alikuwa na mama mdogo.”

Nimesoma tahakiki nyingi za riwaya zilizoandikwa na watu wenye shahada. Ni chache zilizonipa kitu kama mistari ile mitatu.

Tangu hapo nimemwazima kitabu na yeye ameniazima, na tumesoma riwaya sita nyengine za namna hii, za Kiingereza zote. Si zote nzuri. Yeye ana kipimo chake cha kuzipimia, na nimekikubali kuwa ni bora kuliko changu. Katika riwaya moja, kijana anapata pete, na tangu siku hiyo kila alitakalo linakuwa, maadui wanaanguka, milango inafunguka, na hakuna anayeumia isipokuwa wabaya. Aliirejesha akiwa amefika nusu. “Ya humu ni ya bure, Maalim,” alisema. Alikuwa na maana kwamba nguvu zilizomo humu hazimgharimu mtu kitu, na kisichokuwa na gharama hakimvuti. Tangu aliponambia hivyo sijaweza kusoma riwaya ya fantasia bila ya kuuliza: hapa nani analipa?

Wapo wazazi wenye wasiwasi wa dini, na wasiwasi huo sitaudharau. Mimi si shekhe, na hukumu ya sihri, yaani uchawi, ninawaachia wenye elimu yake. Ninachokijua ni kwamba kusimulia jambo si kulitenda. Sote tulisomeshwa katika chuo cha Kurani kisa cha wachawi wa Firauni, waliotupa kamba na fimbo zao zikaonekana kama zinatambaa, na simkumbuki hata mmoja wetu aliyerudi nyumbani akaifungua kamba ya mbuzi na kuitupa uani ili aone. Tulichokikumbuka ni fimbo ya Nabii Musa na jinsi ilivyoyameza yale ya kiinimacho.

Wala hadithi za ajabu hazikuletwa kwetu na vitabu vya Marekani. Nani humu hajawahi kuitikia “pakawa” kwa aliyesema “paukwa”? Askofu Edward Steere alizikusanya hadithi zilizosimuliwa hapa Zanzibar na kuzichapisha London mwaka 1870, na miongoni mwao mna ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alikamata ndama, watu wakashitaki. Sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Akakamata wakubwa zaidi ya ndama, jawabu likawa lile lile. Akaanza kukamata watu, na jawabu halikubadilika, mpaka siku paka alipowala wana wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo Sultani alipotambua kwamba yule si paka tena, ni Nunda. Aliyekwenda kumtafuta na kumuua alikuwa mtoto wa mwisho, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, ambaye kila alipoua mnyama alimburura mpaka kwa mama yake na kumuuliza kama huyu ndiye, kuanzia mbwa mpaka ndovu, na mama akimjibu kuwa siye. Nilimsimulia mwanafunzi wangu kisa hiki. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Sultani alikopa kwa raia, akalipa kwa wanawe.” Kipimo kile kile cha gharama.

Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, ana mji ambao watu wake wamegeuka mawe, ana jini aliyeokolewa akalipa wema, na ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao. Lakini mzigo wa adhabu ile aliubeba Adili, aliyelazimishwa kuwapiga ndugu zake kila usiku ilhali moyo wake umekwishawasamehe. Niliisoma nikiwa na umri wa mwanafunzi huyu, na picha ya mtu anayelia huku akishika mjeledi haijanitoka mpaka leo.

Basi kwa nini binti huyu aliifuata fantasia katika Kiingereza, kwa kukisia, neno moja baada ya jingine? Kwa sababu sisi tulinyamaza. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, na Mwenyekiti ataniwia radhi. Mtoto wetu husimuliwa hadithi mpaka anapofika umri wa miaka minane au tisa. Baada ya hapo bibi anaambiwa asimpotezee wakati, ana mitihani. Akifika sekondari anapewa riwaya za kuchambuliwa, na riwaya hizo ni nzuri, lakini tunampa pamoja na orodha ya dhamira za kukariri, kiasi kwamba anajua wahusika “wanawakilisha” nini kabla hajajua kama wanampendeza. Umri ule ambao mtu anaanza kujiuliza yeye ni nani, ana uwezo gani na uwezo huo utamgharimu nini, ndio umri ambao hatuna hadithi ya kumpa. Wenzetu wamelielewa pengo hilo mapema na wameandika, wamechapisha, wameuza. Sisi tumebakia na kunyang'anya.

Nitoe mfano mmoja wa namna wenzetu walivyowachukulia wasomaji wao wadogo. Kabla ya riwaya ya kwanza ya J. R. R. Tolkien kutoka mwaka 1937, mchapishaji Stanley Unwin alimpa muswada mwanawe, Rayner, mtoto wa miaka kumi, ausome na aandike ripoti, na kwa kazi hiyo akamlipa shilingi moja. Mtoto akaandika kwamba kitabu ni kizuri, na kitabu kikachapishwa. Nimeiga jambo hilo, ila mimi sina shilingi za Uingereza. Kila Alkhamisi baada ya masomo, wanafunzi wanane hukaa chini ya mwembe wa nyuma ya maabara. Anayesimama na kueleza kitabu alichosoma, kwa Kiswahili, na akasema ndani yake nani analipa na nini, hupata andazi na chai. Maandazi ni ya mama yake yule binti. Alikuja mara ya kwanza kusikiliza kwa mlangoni, kama mtu apitaye. Sasa huja mapema, na wiki mbili zilizopita ndiye aliyetusimulia Nunda, akiwa na nyimbo zake, ambazo mimi nilikuwa nimezisahau.

Na binti ameanza kuandika. Hadithi yake iko Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, ambaye wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wanapoteka maji. Katika hadithi ya binti, maji ya kisima kile hayatoki mpaka mtekaji ayaambie jina la mtu anayempenda, na jina likishasemwa husahauliwa na aliyelisema. Amefika ukurasa wa kumi na mbili na amekwama, kwa sababu mmoja wa wake wale hana jina lolote la kuyaambia maji. Nilitaka kumsaidia. Akanambia nimwache.

Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Kitabu nilichomnyang'anya kiko pale mezani karibu na birika la chai, bado kimevaa karatasi yake ya kaki, na bado kimeandikwa Biolojia. Mwenyewe amekubali kukiazimisha kwa mzazi au mwalimu yeyote, kwa wiki mbili, kwa sharti kwamba asikunje kurasa. Daftari la waazimaji liko pembeni yake. Andikeni jina; la kawaida linatosha.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.